Posti zinasomwa lakini hakuna anayejibu. Nibadilishe nini?

Gunia_na_Sukuma (Kayole)

Habari zenu wakuu. Nasimamia ukurasa wa Facebook na chaneli ya WhatsApp kuhusu kilimo cha mboga mtaani: gunia, ndoo, mitungi iliyokatwa, hata vibaraza vya ghorofa. Wafuasi wengi wako Kayole, Umoja, Githurai, Kibra na Rongai. Takwimu zinaonyesha posti zinawafikia na picha wanazifungua, ila maoni ni mawili matatu, na hayo yenyewe ni "asante" au emoji ya mikono. Hii hapa posti ya kawaida ya ukurasa huu:

"UMUHIMU WA KILIMO CHA MBOGA MJINI. Kilimo cha mboga ni muhimu sana kwa kila familia. Mboga huupa mwili vitamini na madini, na kilimo cha gunia hupunguza gharama ya maisha. Wakulima wengi hukumbwa na changamoto kama vile wadudu, ukosefu wa maji na majani kugeuka manjano. Ili kukabiliana na changamoto hizi, ni vyema kutumia samadi, kumwagilia maji ipasavyo na kuchunguza mimea mara kwa mara. Je, una maoni gani? Tuandikie hapo chini."

Naomba kujua mambo matatu. Kasoro iko kwenye mada, kwenye lugha au kwenye hilo swali la mwisho? Nikiahidi pakiti ya mbegu kwa watakaotoa maoni, itasaidia? Na chaneli ya WhatsApp, ambako wafuasi hawawezi kuandikiana, niitumieje?

Kalamu_ya_Mtaa

Karibu, ndugu. Mada yako ni nzuri sana, na lugha haina kosa la sarufi, ila ni lugha ya insha ya shuleni. Kasoro kubwa ni kwamba posti imetaja shida tatu na haikuingia ndani ya hata moja. Mwenye sukuma ya manjano kibarazani hakuambiwa afanye nini, na asiye nayo hana cha kubishia.

Chukua shida moja, majani ya manjano, hizo nyingine uziwekee siku zake. Kisha anzia kwenye kile ambacho msomaji anakiona kwa macho yake. Ningeiandika hivi:

"Sukuma ya gunia ikigeuka manjano, usikimbilie dawa. Angalia kwanza: umanjano umeanzia majani ya chini au yale machanga ya juu? Ukianzia chini na udongo haujalowa chepechepe, mara nyingi mmea umekosa naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Mmea huiondoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga. Ukianzia juu huku mishipa ya jani ikibaki kijani, hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Na kama ukiufinya udongo mkononi unachuruzika maji, pumzika kumwagilia, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa haifyonzi chakula hata kikiwepo. Yako imeanzia wapi, chini au juu?"

Urefu unakaribiana na wa posti yako. Tofauti ni kwamba hapa kila sentensi ina kitu cha kwenda kukitazama kwenye gunia.

Sasa hilo swali la mwisho, maana hapo ndipo wengi hukwama. "Una maoni gani?" linamtaka mtu aliyesimama ndani ya matatu, simu mkono mmoja, atunge wazo, alipange, kisha aliandike mbele ya majirani wanaomjua. Wengi wanaogopa kuonekana hawajui kitu, basi wanabonyeza laiki na kupita. "Chini au juu?" hujibiwa kwa neno moja, na jibu analo yeye peke yake. Tena wewe mwenyewe unalihitaji jibu hilo, kwa sababu bila hilo huwezi kumshauri. Swali ambalo mwandishi hana haja na jibu lake, msomaji hulitambua papo hapo.

Jihadhari pia na swali lenye jibu moja tu, kama "Je, unapenda mboga safi?" Zaidi ya "ndiyo" mtu aseme nini?

Uliza swali moja kwa kila posti. Ukiuliza mawili watajibu la kwanza, au watayaacha yote. Na lisikae mkiani peke yake. Facebook kwenye simu huikata posti baada ya mistari michache, aliyevutiwa ndiye anayebonyeza kuona zaidi. Wewe nafasi hiyo ya mwanzo umeipa kichwa cha herufi kubwa na sentensi ambayo hakuna mtu duniani anayeipinga. Kwa hiyo wengi hata hawakufika kwenye "Je, una maoni gani?" Ndiyo maana kwenye mfano wangu swali limetajwa mstari wa pili, kisha likarudi mwishoni.

Jambo jingine ni jinsi unavyowajibu wanaoandika. "Asante kwa maoni yako" hufunga mazungumzo. Mtu akiandika, "Yangu ni ya chini, gunia ni la mwaka jana," mjibu hivi: "Basi huenda hilo gunia limeishiwa naitrojeni, mama. Samadi uliyotia mara ya mwisho ilikuwa imeiva, au bado ilikuwa na joto ukiishika?" Umempa kitu, na umemwachia nafasi ya kurudi. Wengine ishirini wanaosoma kimya wameelewa kwamba hapa ukijibu unahudumiwa.

Kwa hiyo usiposti halafu uzime data. Weka posti wakati una angalau saa moja ya kukaa karibu na simu.

Takwimu_Kwanza

Naongezea kwa Kalamu, hasa hilo la zawadi. Pakiti za mbegu nashauri uache kabisa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Facebook yenyewe. Desemba 2017 walitangaza kwamba watazishusha posti zinazoombaomba: "weka laiki kama unampenda mama yako", "tagi marafiki watatu", "andika NDIYO hapo chini". Ukurasa unaorudia mtindo huo hupunguziwa ufikaji wa posti zake zote. Lakini tangazo hilohilo lilisema posti zinazoomba msaada, ushauri au mapendekezo ya kweli hazitaguswa. "Chini au juu?" iko upande huo wa pili. Mwezi uliofuata, Januari 2018, Mark Zuckerberg alitangaza kwamba mpangilio wa posti utaanza kuyapa uzito zaidi mazungumzo baina ya watu. Kanuni zao za mashindano pia hazikuruhusu kumshurutisha mtu asambaze posti kwenye ukurasa wake binafsi ndipo ahesabiwe kuwa ameshiriki; nimeona kurasa nyingi za hapa mjini zikifanya hivyo bila kujua.

Ya pili ni aina ya watu utakaowavuta. Zawadi huleta wasiolima. Wataandika neno moja, watachukua pakiti, na posti ijayo itakuwa kimya kama ya jana, ila sasa una wafuasi wengi zaidi wasiojali mada yako.

Halafu punguza matarajio kidogo, ndugu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kuhusu jamii za mtandaoni kwamba katika nyingi, kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiye huandika sehemu kubwa. Ni kipimo cha jumla, kwako kinaweza kuwa tofauti, lakini kinakuonyesha kwamba ukimya wa wengi ni hali ya kawaida. Usiwaseme wanaosoma kimya ("mbona hamjibu jamani?"), maana unawatia haya walewale unaowataka.

Badala ya kuhesabu maoni yote, weka daftari na uandike kila wiki vitu vitatu: watu tofauti walioandika, maoni yanayozidi maneno matano, na mara ambazo msomaji amemjibu msomaji mwenzake. Hiki cha tatu ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Kikipanda, ukurasa umeanza kuishi hata usipokuwepo.

Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha swali, picha na saa ya kuposti kwa mpigo, hutajua kilichosaidia ni kipi. Posti nne za mtindo mpya, saa ileile, ndipo ulinganishe na nne za zamani.

Kuhusu saa: angalia kwenye takwimu za ukurasa wako wafuasi huwa hewani lini, lakini fikiria pia swali lenyewe. Swali linalomtaka mtu akatazame mmea wake liweke Jumamosi au Jumapili asubuhi, mwanga upo na yuko nyumbani. Saa tatu usiku hawezi kutofautisha jani la manjano na la kijani kibarazani, hasa stima ikiwa imepotea. Swali la bei, kwa mfano "Fungu la sukuma leo umelipata kwa ngapi mtaani kwenu?", hilo liweke jioni kati ya saa moja na saa tatu, wakati mtu ametoka sokoni na bei bado iko kichwani.

Bi_Kibaraza

Nijibu la WhatsApp. Chaneli ina faida yake: wafuasi hawaoni nambari za wenzao, kwa hiyo hata mwenye haya anaweza kushiriki. Wanachoweza kufanya kwa urahisi ni kuweka emoji na kupiga kura, basi vitumie hivyo viwili kwa makusudi.

Kura inakubali machaguo hadi 12, lakini usizidishe manne, na moja liwe "sijui bado". Hilo la "sijui" ni muhimu mno. Asiyejua naye anapata mahali pa kubonyeza, na wewe unajua ni wangapi wanaohitaji somo. Mfano: "Umanjano umeanzia wapi? Chini / Juu / Jani zima / Sijui bado." Kesho yake rudisha matokeo, pamoja na maelezo ya chaguo lililoongoza. Kura ambayo matokeo yake hayarudi ndiyo ya mwisho watu kuipiga.

Ukitaka waongee, fungua kikundi pembeni. Kikundi kinabeba hadi watu 1,024, ila ningekifunga kikifika 150 hivi na kufungua kingine kwa mtaa, kwa sababu wakiwa wengi mno ujumbe unafurika na watu wanakizima sauti. Usimwongeze mtu bila kumuuliza. Weka kiungo cha mwaliko kwenye chaneli, na useme wazi kwamba ndani ya kikundi nambari za simu zinaonekana. Usiku badilisha mpangilio ili wasimamizi pekee waweze kuandika, ufungue tena asubuhi. Orodha ya kutuma kwa wengi usiitegemee. Inafika watu 256, na asiyekuwa amehifadhi nambari yako haupati ujumbe.

Picha sasa. Wengi wamezima upakuaji wa moja kwa moja ili kuokoa bando, kwa hiyo wanachokiona kwanza ni kivuli chenye ukungu. Ukiandika swali lako ndani ya picha, hawataliona. Liandike kwenye maneno ya ujumbe, picha iwe ushahidi tu. Piga jani moja kwa karibu, kiganja chako kikiwa nyuma yake ili rangi ionekane sawa, ukiwa kivulini mchana. Picha ya bustani nzima inapendeza lakini haimpi mtu cha kuuliza. Video iwe ya sekunde 30 au chini ya hapo, na kitendo kionekane sekunde tatu za mwanzo, bila salamu na muziki wa utangulizi.

Na tafadhali fuata majira. Januari na Februari kuna joto na ukavu, vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza mimea) wanaongezeka, waandikie habari za vidukari. Aprili mvua ya masika imelowesha magunia, waandikie habari za maji kutuama na mizizi kuoza. Mtu hujibu haraka jambo analolikuta asubuhi hiyohiyo kwenye ndoo yake.

Gunia_na_Sukuma

Nashukuru sana, wakuu. Nimeandaa hii ya vidukari:

"Vidukari wamevamia sukuma yako? Kuna dawa rahisi ya nyumbani. Changanya sabuni na maji, unyunyizie majani. Umewahi kuitumia? Ilikusaidia? Unatumia sabuni gani?"

Mniambie imekaaje. Na mawili zaidi: mtu akishauri kitu kibaya kwenye maoni, kwa mfano kunyunyizia mafuta taa, nifute? Na nina picha nzuri ya bustani ya ploti ya jirani, watoto wake wakichuma mboga. Naweza kuiweka?

Mlinzi_wa_Uzi

Nianze na picha: hapana, mpaka upate idhini ya mzazi au mlezi wa watoto hao, na iwe kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unaosema picha itawekwa wapi na kwa ajili gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inatumika kweli. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Piga mikono ikichuma, nyuso zisionekane. Kwa mada yako mikono na majani vinatosha.

Vivyo hivyo kwa skrinshoti za inboksi. Mtu alikuuliza faraghani. Ukitaka kulitumia swali lake, muombe ruhusa au liandike upya bila jina, bila picha yake ya wasifu na bila kutaja ploti.

Sasa ushauri mbaya. Tenganisha kosa na hatari. Mtu akisema mmea wa manjano umwagiliwe mara mbili zaidi, huyo amekosea tu. Mwache, umjibu chini yake kwa heshima na sababu: "Ndugu, jaribu kufinya udongo kwanza. Ukiwa umelowa, maji zaidi yatazidisha shida." Kosa lililosahihishwa vizuri huwafaa wasomaji wengi kuliko posti yenyewe, na huyo mtu hatakimbia. Jibu sahihi libandike juu ya maoni yote.

Mafuta taa ni kitu kingine. Yanaunguza majani, na mboga hiyo inaliwa. Dawa za kuua kupe za mifugo ni vilevile, au dawa ya shambani isiyotajwa kipimo wala siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Hapo futa. Usifiche, kwa sababu maoni yaliyofichwa kwenye ukurasa wa Facebook bado yanaonekana kwa aliyeyaandika na marafiki zake, ambao huenda ndio watakaoyafuata. Kisha mwandikie inboksi umweleze kwa nini umefuta, na uweke maoni yako mwenyewe hadharani bila kumtaja: mafuta taa hayafai kwenye mboga za kula.

Matusi na maneno ya kikabila yasisubiri mjadala. Weka orodha ya maneno yaliyozuiwa kwenye mipangilio ya ukurasa, na ukumbuke kuingiza ya Sheng na ya lugha za nyumbani, kwa kuwa kichujio cha kawaida huenda kisiyajue. Lakini anayejibu kwa Sheng ya kawaida usimsahihishe lugha. Jibu hoja yake.

Na usitumie akaunti za bandia kujianzishia maoni. Facebook inazikataza na wasomaji huzinusa. Ukitaka posti isianze ukiwa peke yako, waambie wasomaji watatu wanaokufuatilia kwa karibu kwamba kesho asubuhi kuna swali la vidukari, wajibu yale wanayoyaona kwao kikweli.

Kalamu_ya_Mtaa

Rasimu yako imeanza vizuri, tatizo limetajwa neno la kwanza. Ila mwishoni umeuliza maswali matatu, na dawa haina kipimo. "Changanya sabuni na maji" itamfanya mmoja atie kijiko na mwingine atie kikombe kizima, kisha aje kukwambia majani yameungua. Jaribu hivi:

"Vidukari wa kijivu wamejikusanya wapi kwenye sukuma yako: chini ya jani au kwenye kichomozo (majani machanga ya juu)? Uliza macho yako kabla ya kunyunyizia, kwa sababu sabuni huua yule tu inayemgusa. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 1 ya maji. Vidukari wana unga kama nta unaofukuza maji matupu. Sabuni ndiyo inayosaidia maji kuupenya. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku moja. Lisipoungua, nyunyizia jioni jua likishapoa, hasa upande wa chini wa majani. Rudia baada ya siku nne au tano, maana haibaki na nguvu ikishakauka, na waliosalia huzaa haraka. Osha mboga vizuri kabla ya kupika. Wako wako wapi, chini ya jani au kwenye kichomozo?"

Kwenye chaneli weka hiyohiyo na kura ya machaguo matatu: chini ya jani, kwenye kichomozo, sijawaona bado. Picha iwe ya jani lililogeuzwa, vidukari waonekane.

Wakijibu, wagawe kwa makundi mawili na uwape maelekezo tofauti. Wa kichomozo waambie wafungue majani machanga taratibu kwa vidole wakati wa kunyunyizia, kwa kuwa maji hayafiki ndani yenyewe. Wa chini ya jani waambie wachume kwanza majani yaliyozidiwa wayaondoe kabisa, wasiyaache miguuni pa gunia.

Halafu siku tano baadaye weka posti ya pili kwa walewale walionyunyizia, swali likiwa moja: ukigeuza jani leo, wamebaki wengi, wachache au hakuna?